MAFUTA NDANI YA UTI WA MGONGO

 

Leo tunaingia hospitalini. Tutasoma historia ya dawa za ajabu kidogo, maana hazikutengenezwa kuponya ugonjwa wowote. Zilitengenezwa ili zionekane tu. Daktari humdunga mgonjwa dawa hiyo mgongoni, kisha humpiga picha ya eksirei, na kwa msaada wa dawa ile huona jambo ambalo asingeliona. Katika somo hili tutaiita dawa ya picha. Picha ikiisha kupigwa, kazi ya dawa imekwisha. Lakini je, dawa yenyewe imekwisha? Imekwenda wapi? Hilo ndilo swali letu la leo. Mtaona kwamba madaktari waliliuliza kwa kuchelewa, na mara nyingi waliliuliza baada ya watu kuumia.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: pingili, ugwe mgongo, utando.

Sasa kila mmoja wenu apeleke mkono nyuma, apapase katikati ya mgongo wake. Vile vinundu vigumu unavyovigusa ni sehemu za pingili. Pingili zimepangwa moja juu ya moja tangu shingoni hata kiunoni, na kila pingili ina tundu. Matundu hayo yakipangana hufanya mfereji mrefu. Ndani ya mfereji huo umo ugwe mgongo, kamba laini yenye unene kama wa kidole kidogo cha mkono, inayoshuka kutoka katika ubongo. Kamba hii ndiyo njia ya habari zote. Ukikanyaga mwiba, habari hupanda kwa njia hiyo mpaka kichwani. Ukitaka kuinua mguu, amri hushuka kwa njia hiyo hiyo. Karibu na kiuno kamba inakwisha, na kutoka hapo huning'inia mishipa ya fahamu mingi, myembamba, mfano wa mkia wa farasi.

Ugwe mgongo na mishipa hiyo huelea katika maji safi, maangavu. Kwa mtu mzima maji hayo, pamoja na yale ya kichwani, ni kama mililita 150 tu, yaani hayajazi hata gilasi ya maji ya kunywa. Angalieni vizuri maneno hayo: pamoja na yale ya kichwani. Maji ya mgongoni na maji ya kichwani ni mamoja. Ukitia kitu kiunoni, kinaweza kufika kwenye ubongo.

Maji hayo yamefungwa ndani ya tando. Mmojawapo ni mwembamba sana hata wataalamu wa Ulaya waliupa jina la buibui, kwa kuwa unafanana na nyumba yake. Nasi tuuite utando wa buibui. Mwili hutengeneza maji mapya kila siku, na yale ya zamani hunyonywa na kuingia katika damu. Basi kitu kinachoyeyuka katika maji huondoka pamoja nayo. Kisichoyeyuka hubaki.

Sasa turudi nyuma, mpaka mwaka wa 1895. Mwaka huo, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, Profesa Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei. Watu walistaajabu kuona mifupa ya mtu aliye hai. Lakini miale ile ilionyesha mifupa tu. Ugwe mgongo ni laini, nao haukuonekana. Tuseme mtu amekuja hospitalini, miguu yake inakufa ganzi, kila mwezi anazidi kudhoofika. Daktari anashuku kwamba kuna uvimbe ndani ya mfereji, unaubana ugwe mgongo. Uko kwenye pingili ipi? Aliweza kupima sehemu za ngozi zilizokufa ganzi akakisia. Akikisia vibaya, mpasuaji alivunja mfupa mahali pasipo na kitu, na mgonjwa akashonwa huku uvimbe wake ungalimo. Hapana budi tuikumbuke haja hiyo, tusije tukawahukumu watu wa zamani kama kwamba walicheza. Walikuwa wakitafuta njia ya kuwaokoa watu na kupooza.

Njia ya kuingilia ilikwisha patikana. Mwaka 1891 Daktari Heinrich Quincke wa mji wa Kiel, Ujerumani, alionyesha jinsi ya kupitisha sindano kati ya pingili za kiuno, chini ya mahali ugwe mgongo unapoishia, na kuyatoa maji bila kuukata ugwe. Na pale unapoweza kutoa kitu, waweza pia kutia kitu.

Kitu cha kwanza kilikuwa hewa. Daktari Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alitia hewa katika nafasi za ndani ya ubongo mwaka 1918, na mwaka uliofuata akaitia kwa njia ya mgongo. Mwaka 1921 Daktari Jacobaeus wa Stockholm, Uswidi, aliitumia hewa kutafuta uvimbe wa mgongoni. Mgonjwa aliumwa kichwa vibaya sana na kutapika, na picha ilikuwa hafifu. Lakini hewa ilikuwa na sifa moja njema: baada ya siku chache mwili uliinyonya yote. Haikuacha kitu nyuma. Sifa hiyo haikuthaminiwa sana wakati ule, kwa sababu kila mtu alitaka picha iliyo wazi.

Picha iliyo wazi ilipatikana Paris. Huko palikuwa na Daktari Jean-Athanase Sicard na kijana aliyefanya kazi pamoja naye, Jacques Forestier. Walikuwa wakitumia mafuta yaliyoitwa Lipiodol, ambayo mtaalamu Marcel Guerbet alikuwa ameyatengeneza mwaka 1901. Ni mafuta ya mbegu za mpopi, ule mmea utoao afyuni, yaliyochanganywa na iodini. Msiogope: mbegu zake hazilevyi. Na iodini mnaijua. Ni ile dawa ya rangi ya hudhurungi inayopakwa kidondani. Iodini ina tabia ya kuizuia miale ya eksirei isipite, kama vile ukuta unavyozuia mwanga wa taa. Ilipo iodini, picha huonyesha kivuli.

Sicard na Forestier walikuwa wakiwadunga wagonjwa mafuta hayo ili kutuliza maumivu ya mgongo na ya miguu. Wakatambua kwamba mafuta yanaonekana waziwazi katika picha. Mwaka 1921 na 1922 wakatangaza njia yao mpya. Sikilizeni jinsi ilivyokuwa rahisi. Mafuta haya ni mazito kuliko maji, si kama mafuta ya nazi ambayo huelea juu. Basi walimdunga mgonjwa mafuta kidogo karibu na kisogo, wakamketisha. Mafuta yalishuka polepole katika mfereji. Kama njia ilikuwa wazi, yalifika chini kabisa. Kama palikuwa na uvimbe, yalisimama pale pale, kama maji ya mtaro yanavyosimama penye taka. Mpasuaji akajua mahali pa kukata. Watu wengi walipona kwa njia hiyo, na hatuna haki ya kusahau.

Lakini mafuta hayayeyuki katika maji. Lipiodol ilikuwa nzito na yenye kunata. Kuitoa kwa sindano ilikuwa kazi ngumu, basi kwa kawaida iliachwa. Ikalala chini kabisa mwa mfereji, katikati ya ile mishipa ya fahamu iliyo kama mkia wa farasi, mwaka hadi mwaka. Wengine walianza kulalamika maumivu.

Baadhi ya madaktari waliona hatari, wakatafuta kitu kingine. Hapa historia yetu inaingia gizani kidogo, maana kitu kingine hicho kilikuwa kibaya zaidi. Tangu miaka ya 1930 ilitumika dawa moja kutoka Ujerumani iliyoitwa Thorotrast, yenye madini ya thori. Picha zake zilikuwa nzuri mno, na mgonjwa hakusikia maumivu wakati wa kudungwa. Shida ni kwamba thori hutoa mionzi yenyewe, mchana na usiku, na hupunguza nguvu yake polepole sana: ili nusu yake iishe huhitajiwa miaka kama milioni elfu 14. Mwaka 1932 baraza la chama cha madaktari wa Marekani lilikwisha onya juu yake. Hata hivyo iliendelea kudungwa kwa miaka mingi, zaidi katika mishipa ya damu, na pengine katika mgongo pia. Waliodungwa mishipani, wengi wao walipata saratani ya ini miaka 20 au 30 baadaye. Waliodungwa mgongoni, mishipa yao ya fahamu ilishikana, wakapoteza nguvu za miguu na uwezo wa kuzuia mkojo. Dawa haikuumiza siku ya kwanza. Ndiyo maana ilipendwa.

Nchini Uswidi walifuata njia tofauti. Mwaka 1931 madaktari Arnell na Lidström walijaribu dawa ya iodini inayoyeyuka katika maji, iliyojulikana kwa jina la Abrodil. Fikira yao ilikuwa sahihi: kinachoyeyuka huondoka. Lakini dawa ile ilikuwa chumvi kali. Iliwasha mishipa ya fahamu hata ikawa lazima kumtia mgonjwa ganzi ya mgongo kwanza, na haikuweza kutumiwa ila sehemu ya kiunoni tu. Kumbukeni neno hilo, chumvi. Tutalirudia.

(Muziki kidogo.)

Haya, tuendelee. Mwaka 1934 lilitokea jambo lililoongeza sana kazi ya sindano hizi. Madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walieleza chanzo kimoja kikubwa cha maumivu yale yanayoanzia kiunoni yakashuka mpaka mguuni. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, kama mto wa kukalia. Kisahani hicho kikipasuka, kipande chake husukumwa nje na kuubana mshipa wa fahamu. Kipande kikiondolewa, maumivu huweza kuisha. Fikirini, basi, ni watu wangapi wanaoumwa kiuno! Wachukuzi, wakulima, madereva, akina mama wenye kubeba maji. Zamani dawa ya picha ilikuwa ya mtu mwenye uvimbe, aliye karibu kupooza. Sasa ikawa pia ya mtu mwenye maumivu ya kiuno. Hatari ambayo mtu anayepooza angeikubali kwa furaha haifanani na hatari anayopaswa kuikubali mtu mwenye kiuno kinachouma. Nadhani hapo ndipo mizani ilipopotoka, wala sioni kwamba wengi waliligundua hilo wakati ule.

Katika vita vikuu vya pili, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitengeneza mafuta mapya, mepesi kuliko Lipiodol. Marekani yaliuzwa kwa jina la Pantopaque tangu mwaka 1944, na Uingereza yaliitwa Myodil. Faida yake ilikuwa kwamba, kwa kuwa ni mepesi, daktari aliweza kuyafyonza kwa sindano baada ya picha. Marekani walifundishwa kuyatoa. Uingereza mara nyingi yaliachwa humo humo, kwa kuwa kuyatoa kulichukua muda na kulimwumiza mgonjwa. Hata pale yalipotolewa, matone yalibaki. Mwili uliyanyonya taratibu mno, kama mililita moja kwa mwaka, au pungufu ya hapo.

Yaliyotokea kwa baadhi ya wagonjwa ni haya. Ule utando wa buibui uliwashwa na mafuta, ukavimba. Baadaye ukajifanyia makovu, na mishipa ya fahamu ikagandamana. Umepata kupika tambi ukazisahau sufuriani mpaka zikapoa? Hazichambuliki tena, zimekuwa bonge moja. Ndivyo mishipa ile inavyokuwa. Na mshipa wa fahamu ulioshikwa na kovu haunyamazi. Mgonjwa husikia miguu inamwungua na huku ngozi si moto. Husikia kama anatembea juu ya vigae. Wengine miguu hulegea, wengine hushindwa kuzuia mkojo. Damu ya ile sindano ikichanganyika na mafuta, mwasho huzidi. Na hakuna dawa ya kuyafungua makovu hayo. Ukipasua ili kuyaondoa, mara nyingi unaleta makovu mengine.

Lazima niwaambieni pia upande wa pili, maana historia si mashtaka peke yake. Wengi waliodungwa mafuta hayo hawakupata shida yoyote waliyoitambua. Na wengi katika wale walioumia walikuwa pia wamepasuliwa mgongo, na upasuaji nao huweza kuleta makovu. Mgonjwa akija miaka 10 baadaye analia kwa maumivu, nani ataapa kwamba ni mafuta, wala si kisu, wala si ule ugonjwa wa kwanza? Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi walirudishwa nyumbani. Wengine waliambiwa kwamba maumivu yao yamo katika mawazo tu.

Nchini Uingereza Myodil iliacha kuuzwa katika miaka ya 1980. Wagonjwa wakajikusanya, wakaishtaki kampuni iliyoiuza, Glaxo. Mwaka 1995 kampuni ilikubali kuwalipa watu 425 jumla ya pauni kama milioni 7, bila kukiri kosa. Mnaojua hesabu, gawanyeni: ni wastani wa pauni 16,000 hivi kwa kila mtu. Kwa mtu asiyeweza tena kufanya kazi, hizo si fedha nyingi.

Sasa turudi kwenye lile neno, chumvi. Ninyi mliozaliwa pwani, mkipiga mbizi baharini na kufumbua macho, macho yanawasha. Nanyi wa kandokando ya Ziwa Viktoria mnajua kwamba maji ya ziwa hayachomi hivyo. Yuko daktari mmoja wa Uswidi, Torsten Almén, aliyetumia ujuzi kama huo. Kwao kuna bahari mbili: ya magharibi ina chumvi nyingi, na ile ya Baltiki ina chumvi kidogo, inayokaribia ile ya machozi ya mtu. Yeye aliogelea katika zote mbili, akaona kwamba moja inauma macho na nyingine haiumi. Alipokuwa daktari wa eksirei aliwaona wagonjwa wakiungulika kila walipodungwa dawa ya picha mishipani, akajiuliza: je, si jambo lile lile?

Tufanye jaribio. Mwalimu, kama kuna chumvi na sukari, zionyeshe. Zote mbili zinayeyuka majini. Lakini chumvi ikiyeyuka, kila chembe hugawanyika kuwa vipande viwili, navyo vina nguvu ya umeme. Sukari haigawanyiki, kila chembe hubaki moja. Vipande vikiwa vingi majini, huvuta maji kutoka katika nyama iliyo karibu. Wavuvi wanajua, maana ndivyo chumvi inavyomkausha samaki akawa ng'onda. Dawa za picha za wakati ule zilikuwa za namna ya chumvi. Mishipa ya fahamu ilipogusana nazo ilikaushwa na tena ilishtuliwa. Almén akawaza: tutengeneze dawa ya iodini iliyo namna ya sukari, isiyogawanyika. Hapo vipande vitapungua nusu, na iodini itabaki ile ile.

Aliyaandika mawazo hayo mwaka 1969. Kampuni ya Nyegaard ya Oslo, Norwei, ilikubali kujaribu, ikatengeneza dawa iitwayo metrizamidi, ambayo kweli ina kipande cha sukari ndani yake. Katika miaka ya 1970 ikaanza kutumiwa mgongoni, na Marekani iliruhusiwa mwaka 1978. Ilikuwa unga, wa kuyeyushwa wakati ule ule wa kudunga. Mafuta yakaanza kuondoka hospitalini. Dawa mpya ilitoka katika mfereji kwa saa chache, ikaingia katika damu, ikatoka kwa mkojo. Ushindi mkubwa!

Lakini, ndugu, maji ya mgongoni na ya kichwani ni mamoja. Mafuta yalikaa chini kwa uzito wake. Dawa hii iliyeyuka, ikapanda pamoja na maji. Wagonjwa waliumwa kichwa na kutapika. Wengine walishikwa na degedege. Na wengine walifanya jambo la kutisha zaidi kwa jamaa zao: jioni walikuwa wazima, asubuhi hawakujua waliko, walitafuta jina la kijiko wasilipate, mikono ikatetemeka. Kwa kawaida yalipita baada ya siku moja au mbili. Wataalamu waliona dalili kwamba kile kipande cha sukari kiliudanganya ubongo. Ubongo hula sukari, na ulipokutana na kitu kinachofanana na chakula chake, kazi yake ya kula ikavurugika. Kwa hiyo sifa iliyoituliza mishipa ya mgongo ndiyo iliyousumbua ubongo.

Kazi ya wauguzi ikageuka pia. Zamani, baada ya mafuta, mgonjwa alilazwa chali bila mto. Sasa ikawa lazima kichwa chake kiinuliwe kwa saa kadhaa, ili dawa isipande nyingi kwa mara moja. Aidha baadhi ya dawa za kuzuia kutapika zikakatazwa, kwa kuwa huukaribisha ubongo kwenye degedege.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja dawa nyingine za namna hiyo hiyo isiyogawanyika, tulivu zaidi: iopamidoli kutoka Italia na ioheksoli kutoka Norwei. Hizi zinatumiwa mpaka leo, kwa kipimo: mtu mzima asipewe zaidi ya gramu 3 hivi za iodini kwa mara moja. Maumivu ya kichwa bado hutokea, na mara chache degedege, lakini yale makovu ya mafuta hayaonekani tena kama zamani.

Hata hivyo zile dawa za namna ya chumvi hazikuondoka hospitalini. Zilifaa kwa picha za figo na za mishipa ya damu, na chupa zake zilikaa katika kabati moja na zile za mgongoni. Chupa ndogo, maji maangavu, jina refu. Sehemu mbalimbali za dunia zimetoa taarifa za msiba ule ule: mtu amechukua chupa isiyo yenyewe. Kwanza hakuna kinachoonekana. Kisha, pengine baada ya nusu saa au saa kadhaa, miguu inaanza kukakamaa kwa maumivu makali. Mkakamao unapanda, tumbo, kifua, mikono, mpaka mwili wote unatikisika. Joto linapanda. Misuli inavunjika na takataka zake kuziba figo. Wengi walikufa. Waliookolewa ni wale ambao daktari alitambua upesi, akawainua kichwa, akayatoa maji ya mgongoni yenye dawa, akawapa dawa za kuzuia degedege na kuwasaidia kupumua. Siku hizi chupa hizo huandikwa onyo kwa herufi kubwa kwamba zisitiwe mgongoni. Ninyi mnaojifunza kusoma, tazameni: pale maisha ya mtu hutegemea mtu mmoja asome mstari mmoja kabla ya kuvuta sindano.

Tangu miaka ya 1980 mashine ya sumaku imeweza kuuonyesha ugwe mgongo wenyewe bila sindano yoyote, na sindano za mgongoni zimepungua sana, ingawa hospitali zisizo na mashine hiyo bado huzihitaji, na wako wagonjwa wasioruhusiwa kuingia ndani yake, kama baadhi ya wenye vyuma mwilini. Lakini mashine ya sumaku nayo ina dawa yake ya picha, yenye madini ya gadolini, ambayo hutiwa katika mshipa wa damu. Baadhi ya madaktari waliitia mgongoni kwa kipimo kidogo, kutafuta mahali maji yanapovuja. Penye makosa ya kipimo au ya chupa, wagonjwa walichanganyikiwa, wakapata degedege, wakazimia, wengine walikufa. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliagiza onyo kali kabisa liandikwe katika maelezo ya dawa hizo. Ni miaka zaidi ya 100 tangu Sicard na Forestier, na swali ni lile lile.

Na yale mafuta? Hayajaisha yote. Wako wazee Ulaya na Marekani waliodungwa ujanani, nao bado wanayo. Mzee anaanguka, anapigwa picha kwa sababu nyingine kabisa, na pale chini mwa mfereji, au hata ndani ya fuvu la kichwa, yanaonekana matone meupe, yanang'aa, yamekaa kimya. Daktari kijana, aliyezaliwa baada ya mafuta hayo kuacha kuuzwa, huyatazama asijue ni nini. Huweza kudhani ni damu, au uvimbe. Njia ya haraka ya kujua ni kumgeukia mzee mwenyewe na kumwuliza kama aliwahi kudungwa sindano mgongoni, zamani sana.